Kina cha Kidonge Kimoja

Kabla sijaisoma klorokwini, klorokwini ilikuwa imeshanisoma mimi. Niliugua malaria mwezi ule ule nilioshindwa somo la dawa kwa mara ya pili. Nikameza vidonge vinne kama kila mtu, na kufika mchana nilikuwa chini sakafuni najikuna kwa kitana, kwa gunzi la hindi, kwa ukingo wa mlango. Nilijikuna hadi godoro likaomba uhamisho. Nyayo, viganja, katikati ya vidole, hata kule ndani ya sikio ambako hakuna kidole kilichoumbwa kufika. Nikajimwagia maji baridi nikidhani nitapata nafuu, nikawa kama nimejimwagia ndoo ya siafu. Waliowahi kumeza dawa ile miaka hiyo hawahitaji maelezo. Wasiowahi, washukuru Mungu wao.

Nikiwa pale sakafuni ndipo swali lilipoingia, na halikutoka tena. Dawa iko tumboni. Malaria iko kwenye damu. Sasa unyayo wa mguu unahusikaje? Na kwa nini mke wangu, aliyemeza vidonge vile vile kutoka kopo lile lile wiki iliyotangulia, alikuwa amekaa kitandani anasuka ukili huku ananitazama kama sinema?

Wakati huo nilikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kudeki, kubadili mashuka na kubeba vyombo vya haja kwa heshima zote. Sekondari nilisoma shule ya jioni, kule Mkuyuni, katika darasa ambalo asubuhi lilikuwa la watoto wadogo na madawati yalikuwa yao. Nilisoma kemia miaka yote ile magoti yakiwa sambamba na masikio, na mpaka leo nikisikia neno asidi goti la kulia linauma. Lakini nilifaulu. Nikachukuliwa kozi ya utabibu, nikamaliza kila somo isipokuwa hilo moja, somo la dawa. Bila somo la dawa hakuna leseni, kwa hiyo nikarudi wodini kwenye ndoo yangu kusubiri mtihani wa marudio. Nikaufanya, nikashindwa tena. Utaratibu ulikuwa wazi, hauhitaji mkalimani: imebaki mara moja tu. Ikigoma na hiyo, kozi yote inahesabiwa kama haikusomwa, na mimi na ndoo tunafunga ndoa isiyo na talaka.

Na ilikuwa miaka ambayo leseni imeanza kuwa kitu. Zamani tabibu alifanya kazi serikalini au misheni, basi. Sasa ilikuwa ruksa. Zahanati za watu binafsi zilichipuka kila mtaa, na maduka ya dawa yalizidi wagonjwa. Mwenye leseni alitafutwa kama bibi harusi. Ila ruksa hiyo hiyo ndiyo iliyolivuruga somo lenyewe. Zamani dawa zilifika kwenye boksi moja, aina chache, na ukizijua hizo umemaliza dunia. Sasa zilishuka kutoka Bombay, kutoka Nairobi, kutoka miji ambayo hata mwalimu wa jiografia angeitafuta kwa tochi, na kila dawa ilikuwa na majina mengi kuliko mwizi wa kuku. Watunga mtihani nao wakachangamka. Ukipita mahali wanafunzi wa utabibu wamekaa, utasikia swali moja tu: tusome hadi wapi?

Nilikuwa na wenzangu wawili wa kujibu swali hilo, na majibu yao yalikuwa mashariki na magharibi.

Wa kwanza alikuwa jamaa wa Misungwi, Msukuma, mtoto wa wafugaji, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kila kipimo kingine. Akikaa kwenye benchi, upande wa pili wa benchi ulipanda. Yeye alishikilia kwamba dawa ina mambo manne tu ya kujua: jina, kazi, kiasi, na hatari. Vingine vyote ni mapambo ya profesa. Wa pili alikuwa muuguzi aliyekuwa anajiendeleza, mama wa Kihaya kutoka Kagera, Mlutheri wa kusali na kusoma kwa nguvu zile zile. Tulimwita dada. Dada alikuwa na kitabu kimoja kinene kiasi kwamba nyumbani kwake kilizuia mlango upepo wa ziwa ukivuma. Alikuwa amekisoma kuanzia jalada. Alisoma dibaji. Alisoma shukrani za mwandishi kwa mkewe. Ukimuuliza kidonge cha minyoo, alianza na historia ya minyoo.

Sote tulikuwa tunakwenda mtihani mmoja, na tulikutana kwa dada, Pasiansi, uani, baada ya zamu za asubuhi. Alitupikia ndizi. Jamaa wa Misungwi alizila kwa huzuni, akisema chakula kisichohitaji meno ni cha wagonjwa. Dada akamjibu kwamba ndiyo maana Wasukuma hawana maneno, meno yote wanayatumia kwenye michembe, viazi vyao vya kukaushwa, na hakuna linalobaki la kuongelea. Mimi mtu wa Ukerewe nilikuwa nakula kwa pande zote mbili, sina upande.

Siku niliyowapelekea swali langu la kuwashwa, dada alifungua kitabu akatafuta. Kurasa za klorokwini zilikuwa nyingi, lakini juu ya kuwashwa palikuwa na mstari mmoja: kwamba dawa inaweza kusababisha muwasho kwa baadhi ya watu. Baadhi ya watu! Mji mzima ulikuwa unajikuna, na sisi tulikuwa baadhi. Nikaenda maktaba ya hospitali nikaomba kitabu kikubwa zaidi, cha kusomea palepale kwa sababu hakibebeki, na nikakuta mistari miwili. Wa pili ulisema sababu yake haijajulikana vizuri.

Sijui wengine huwa wanajisikiaje wakifika mahali kitabu kinaposema hakijui. Mimi nilifurahi kama mtu aliyechimba kisima akasikia maji. Nilikuwa nimezoea kwamba kila ninachokosa kukijua kipo kichwani kwa mtu mwingine, mahali fulani penye viti vizuri. Kumbe kuna mahali vitabu vinaisha, na mahali penyewe ni chini ya unyayo wangu.

Dada alinisikiliza, akafunga kitabu. "Mdogo wangu," alisema, "hilo haliulizwi. Umebakiwa na mtihani mmoja. Unataka kwenda kumwambia mtahini kwamba unawashwa?"

Jamaa wa Misungwi kwa mara ya kwanza akakubaliana naye. Na kwa kuwa alinionea huruma, ndipo alipoleta dawa yake ya kunitibu ujinga.

Kwao watu wanapolima shamba la mwenzao hujipanga mstari mmoja, ngoma inapigwa, wimbo unaimbwa, na majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja. Mtu hata akichoka mkono wake unaendelea, kwa sababu wimbo ndio unaolima. Jamaa alisema somo la dawa ni shamba, na sisi tumekuwa tunalima kila mtu na pigo lake. Akatutungia wimbo. Kila dawa mstari wake, kila kiasi pigo lake, na sote tusimame tushike vijiti kama mpini.

"Klorokwini, nne leo!"

"Heee!" tunaitikia, vijiti chini.

"Nne kesho!"

"Heee!"

"Mbili keshokutwa, tua jembe!"

Ulianza na aspirini, ukaingia penisilini, ukapita dawa za minyoo na za kuhara, ukafika klorokwini mahali jasho linapoanza kutoka, na uliendelea hadi kwinini. Dada alisimama pembeni mwanzoni akisema huu si usomi, huu ni msimu wa mvua. Lakini sauti yake ilikuwa ya kwaya, hakuweza kuvumilia kusikia watu wanakosea, akaingia kutusahihisha na hakutoka tena. Baada ya wiki chache nilikuwa naweza kutaja kiasi cha kila dawa iliyowahi kuingia boksini, mradi niwe nimesimama. Majirani wa Pasiansi walidhani ni dhehebu jipya, maana na makanisa nayo yalikuwa ruksa. Mama mmoja alikuja ukutani kuuliza ibada ya Jumapili inaanza saa ngapi na kama tunawekea watu mikono.

Kwa hiyo juu nilikuwa nimeshiba. Lakini chini kulikuwa kunanila. Nikawa nawauliza wagonjwa wodini wakati nadeki: wewe klorokwini inakuwasha? Inaanza wapi? Baada ya muda gani? Ukioga? Wakawa wanasimulia kama watu waliotoka vitani. Nikajenga nadharia yangu, maana kila aliyesoma shule ya jioni ana nadharia. Niliona kwamba tunapewa vidonge vinne sote, mnene kwa mwembamba. Basi mwembamba anapata dawa nyingi kwa kila kilo ya mwili wake, inamfurika, inatokea kwenye ngozi. Mke wangu alikuwa amejaliwa mwili, mimi nilikuwa fito. Kila kitu kilijipanga. Niliona kabisa jina langu kwenye kitabu kinene, karibu na shukrani za mke.

Kilichokosekana ni mizani. Ya hospitali ilikuwa ya watoto wachanga, na nyingine ilikuwa imefungiwa ofisini kwa mkubwa. Jamaa wa Misungwi aliponiona nahangaika akasema, bila kufikiri sana, kwamba kwao ni msimu wa pamba, na mizani zimejaa kila kijiji sasa wanunuzi binafsi wameruhusiwa. Nadhani alijuta kabla hajafunga mdomo.

Tulikwenda Jumamosi, tumekaa juu ya magunia matupu kwenye lori la mnunuzi mmoja. Karani wa pamba alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni na dharau usoni. Jamaa akamweleza kwa Kisukuma kwamba huyu mgeni anatoka Mwanza na anatafuta sababu ya klorokwini kuwasha watu, na anaomba kuupima uzito ukoo wao. Karani alinitazama juu mpaka chini, akauliza kama serikali inajua. Halafu akasema sawa, lakini baada ya wauzaji kuisha, na asilaumiwe ndoano ikikatika.

Mizani ya pamba huning'inia. Wakafunga gunia kwa kamba pande zote mbili likawa kama bembea, na ukoo ukapanda mmoja mmoja. Nimepita maeneo mengi duniani, nimefika hata Shinyanga, lakini sijaona kitu kilichokusanya watu kama kile. Walikuja kutoka kwenye mabomba ya maji, walikuja kutoka shambani, sokoni pakabaki kuku peke yao. Mjomba wa jamaa, mrefu mwembamba kama mlingoti, alining'inia miguu inaburuta chini tukalazimika kuikunja. Kilo sitini kamili. Karani akamzungusha kidogo, akamkagua.

"Huyu ni fifi," alisema, kama anavyosema kwa pamba ya daraja la pili. "Bei yake siyo hii."

Mjomba mwenyewe alicheka hadi gunia likayumba. Na mjomba alikuwa anawashwa. Alisema anawashwa hadi anamwonea wivu ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ana mti wa kujisugulia na hakuna anayemshangaa. Nadharia ikasimama wima. Akafuata shangazi yake jamaa, mama wa haja, ambaye ndoano ilimlilia. Shangazi hakuwa anawashwa hata kidogo. Nadharia ikapiga makofi. Baada yake wakaja wengine, na hapo mambo yakaharibika: mnene mmoja anawashwa hadi meno, mwembamba mmoja halali usingizi mtamu kama siku aliyomeza klorokwini, mapacha wawili wa uzito mmoja, huyu anawashwa na huyu hawashwi. Kufikia jua linainama nilikuwa na nadharia ya shangazi peke yake.

Nikamwendea. Nikamwamkia tena shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwomba anifafanulie vizuri, labda anakula kitu fulani, labda anakunywa maziwa kwanza.

"Sili kitu, mwanangu," alisema. "Simezi."

Nikamuuliza humezi nini.

"Hivyo vidonge. Nilimeza mara moja nikiwa msichana, nikajikuna hadi mahari ikataka kurudi. Tangu hapo naviweka huku." Akagusa shavu. "Nesi akigeuka, natema. Siku ya pili siendi kabisa. Hapa wengi ndivyo tulivyo. Wewe umetuuliza kama tunawashwa. Hukuuliza kama tunameza."

Tulirudi kwenye lori. Nilikuwa nawaza kwamba kumbe ule wimbo wetu, nne leo, nne kesho, mbili keshokutwa, huku Misungwi unaishia kwenye nne ya kwanza, na hata hiyo shavuni. Tabibu anaandika, nesi anagawa, kila mtu anaamini malaria imetibiwa, na kidonge kimelala kwenye majani nyuma ya zahanati. Hilo halikuwa kwenye kitabu cha dada wala kwenye mambo manne ya jamaa. Nilimsimulia dada Jumatatu, na ndiyo mara pekee niliyomwona akichukua kalamu niongeapo mimi. Kisha akanikumbusha kwamba imebaki wiki moja na sijagusa dawa za moyo.

Niligusa dawa za moyo. Ziligoma kuingia.

Mtihani wa kuandika ulipita bila kelele. Nilifika ukumbini nikakuta shida ambayo hatukuipangia, kwamba huruhusiwi kusimama. Nililima nimekaa, kwa kidole kikubwa cha mguu ndani ya kiatu, na kila swali ilibidi nianze na aspirini mpaka niifikie dawa inayoulizwa. Nilitoka nimechoka kama niliyelima ekari. Sikujua nimepata au nimekosa. Kilichobaki ni mtihani wa mdomo, ambao ndio ulioniangusha mara zote mbili, na kama alama zingekuwa kwenye ncha, huo ndio ungezisukuma upande mmoja.

Chumba chenyewe kilitazama ziwa. Juu ya mawe nje walikuwa wamesimama korongo wale wakubwa wenye vipara, na mmoja alinitazama kwa namna ambayo ingekuwa ya mtahini ningemuelewa. Mtahini mwenyewe alikuwa daktari mtu mzima, mpole wa sura, miwani puani. Nilimwamkia, akaitikia, akaninyooshea kiti.

Akaanza na dawa za moyo. Sitasimulia. Itoshe kusema kwamba kwa maelezo yangu mgonjwa alikufa, na pengine na aliyemsindikiza. Mtahini aliandika tu, na nikaona mkono wake unaandika kifupi sana. Mtu akiandika kifupi ni sifuri. Nikaiona ndoo.

Kisha akasema, "Mama amekuletea mtoto wa kilo kumi na tano. Ana malaria ya kawaida, anakunywa, anacheza. Una klorokwini. Mpe."

Hii ilikuwa dawa yangu. Mguu ukaanza kwenda, aspirini, penisilini, minyoo, nikavuka mto wa kuhara, nikawa nasogeza midomo.

"Unasali?" aliuliza.

"Hapana, daktari. Niko njiani."

Nikafika. Nne leo, nne kesho, mbili keshokutwa. Nikafungua mdomo niseme nne, na hapo nikamwona mtoto. Kilo kumi na tano. Nilikuwa nimeona kilo zinavyoning'inia, nilizijua kwa macho sasa. Ule wimbo mzima, kutoka aspirini hadi kwinini, haukuwa na mtoto hata mmoja ndani yake. Tulikuwa tumeutunga kwa pigo la jembe, na pigo la jembe ni la mtu mzima. Sisi watatu, mmoja ana wajukuu, mmoja ni nesi, mmoja anadeki wodi ya watoto kila siku ya Mungu, tuliimba miezi bila kugundua kwamba shambani hatujapanda mtoto.

Mtahini akasubiri. Nikasubiri naye.

Nilimkumbuka mjomba kwenye gunia, miguu imekunjwa. Kilo sitini, vidonge vinne. Nikasema kwa sauti, polepole, kwamba kidonge kimoja kina miligramu mia na hamsini za dawa yenyewe. Vinne ni mia sita. Mtu wa kilo sitini anapata miligramu kumi kwa kila kilo. Mtoto huyu ana robo ya mtu huyo. Basi kidonge kimoja leo, kimoja kesho, nusu keshokutwa.

Kalamu ikasimama. "Umejibu sawa, lakini umepitia wapi?"

Nikamwambia nimepitia Misungwi. Kwa kuwa sikuwa na kitu cha kupoteza tena, nikamsimulia mizani, mjomba, karani na daraja la fifi. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo.

Akairudisha usoni. "Haya. Mtoto mchanga wa siku tatu, anahitaji kloramfenikoli. Unagawa hivyo hivyo?"

Nilikuwa nimeshanogewa. Ulimi ulikuwa tayari kugawa. Lakini nilikuwa nimetoka kuona nadharia nzuri ikifa kwa mkono wa shangazi mmoja, na bado nilikuwa nasikia baridi yake. Nikajiuliza, huyu mtoto mchanga anameza? Mwili wake unaifanyia nini dawa hiyo? Sikujua.

"Sijui, daktari," nilisema. "Na nisichokijua sikigawi. Ningefungua kitabu kabla ya kufungua chupa, na kama sina kitabu ningempeleka kwa anayejua."

Akanieleza yeye, taratibu, kama mwalimu na si kama mtahini: kwamba ini la mtoto mchanga bado halijaweza kuivunja dawa ile, kwamba ukigawa kwa hesabu ya kilo tu inajikusanya mwilini, mtoto anageuka rangi ya kijivu na kuondoka. Nilisogea mbele ya kiti nikasahau kabisa niko wapi. Nikamuuliza je, ini linaanza kuiweza lini? Na figo? Na kwa nini kijivu? Akajibu mawili, la tatu akasema muda wangu umekwisha na yeye ndiye anayepaswa kuuliza.

"Swali la mwisho. Yule mama wa kwanza amerudi siku ya pili. Mtoto anajikuna, amegoma dawa. Unamwambia nini?"

Hapo nilikuwa nyumbani. Nilisema nisingengoja siku ya pili. Ningemwambia siku ya kwanza, kabla hajaondoka, kwamba mtoto anaweza kuwashwa, kwamba hiyo haimaanishi dawa ni mbovu, inapita, na asimwogeshe maji baridi akidhani anamsaidia. Ningempa piritoni, ambayo baadhi huwasaidia na baadhi haiwasaidii kitu. Na ningempa mtoto kidonge cha kwanza mbele yangu nikamwangalia shavu.

"Shavu?"

"Ndiyo, daktari. Ndani."

Aliandika, na safari hii aliandika kirefu.

Matokeo yalibandikwa ubaoni baada ya muda ambao kwangu ulikuwa kama mimba ya tembo. Dada alikuwa juu kabisa, kama alivyozaliwa. Jamaa wa Misungwi alipata vizuri, na alisema kwenye mdomo walimuuliza watu wazima tu, bahati ya mwenye kimo. Mimi nilianza kusoma kutoka chini ili nijiokolee muda. Nilijikuta mstari mmoja juu ya walioshindwa. Dada aliinama akaitazama ile alama kwa muda, akasema hiyo si alama ya kuingia, hiyo ni ya kuchungulia dirishani. Jamaa akasema aliyechungulia naye ameona harusi. Mimi niliruka juu, na nilivyo juu kule niliiona Ukerewe, ng'ambo ya maji, na mama yangu anaanika dagaa.

Nilikwenda moja kwa moja wodini kurudisha sare. Msimamizi wa wodi alikuwa mama mmoja asiyetabasamu, na siku hiyo alitabasamu. Akanipa mkono, akaniita tabibu mbele ya wauguzi wote. Nikamkabidhi joho la kijani, nimelikunja vizuri. Hakulipokea. Aliniuliza zamu yangu inaisha saa ngapi. Nikasema saa tisa. Akatazama saa ya ukutani, kisha akatazama wodi ya watoto, ambako mtu alikuwa ametapika.

Nikavaa joho, nikachukua ndoo. Nilideki mstari kwa mstari, leseni ikiwa bado haijachapwa, akina mama wa watoto wakinyanyua miguu nikipita. Mmoja, aliyekuwa amempakata mtoto wa homa, aliinama akaangalia nyuma yangu.

"Kaka," alisema, "hapa chini ya kitanda umeparuka."

Nikarudi, nikapiga magoti.